Lagu Apumzisha Shamba la Mkewe

Wakulima Juba wako wengi, lakini hakuna aliyelima kwa mpango kama Jude Lagu wa Hai Mauna. Alikuwa na mashamba manne: la ngano, la shayiri, la kabichi na vitunguu, na la nne la kitani, ule mmea wa kufumia nguo ambao yeye mwenyewe hajawahi kuutia machoni. Alikuwa na ghala, zizi la nguruwe, na wanakijiji kumi na wanane waliokula jasho lake. Taabu ilikuwa moja tu. Mashamba, ghala, nguruwe na wanakijiji wote walikuwa ndani ya kompyuta, kwenye gemu moja ya kuishi enzi za kale huko Uzunguni, zama za wafalme na mapanga. Ukiizima kompyuta, huna hata jani la kuchemsha.

Tusimcheke mapema. Lagu alikuwa mtu mwenye heshima zake, Mmadi wa miaka arobaini na moja, aliyekulia ukimbizini Uganda karibu na Adjumani. Aliporudi Juba alirudi na cheti cha kompyuta, printa iliyochoka na paneli moja ya sola, akafungua kibanda cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Wateja wakija, anachapa. Wasipokuja, analima.

Na alilima kwa machungu. Mwaka wake wa kwanza kwenye gemu alipanda kitani mashamba yote manne, kwa kuwa alipenda yale maua yake ya bluu. Majira ya baridi yalipoingia, kila mwanakijiji alikuwa na mashati matatu na tumbo tupu. Saba wakafa, wengine wakahama bila kuaga. Lagu alishinda siku mbili hali vizuri, hasemi vizuri, mpaka mkewe akadhani kuna msiba Adjumani na akaanza kuulizia nauli ya basi.

Tangu siku hiyo alikula kiapo. Alinunua kaunta buku ya kurasa mia mbili, rula, na kalamu za rangi tatu. Akachora mashamba yake, akayapa namba, akapanga: msimu huu ngano, ujao kabichi, unaofuata mbolea, kisha shamba lipumzike lisiguswe na mtu. Hapo kwenye kupumzika ndipo alipopata utamu. Kila shamba alilolipumzisha lilirudi na nguvu mpya, mavuno yakafurika ghalani, wanakijiji wakanenepa mashavu. Humo kwenye gemu kulikuwa pia na majambazi wanaotakiwa kuvamia vijiji, lakini mchezaji anaruhusiwa kuwafuta, na Lagu aliwafuta siku ya kwanza kabisa ili alime kwa utulivu.

Mkewe aliitwa Lilly, Mwacholi wa Magwi, na kwa kuwa mume hajui Kiacholi na mke hajui Kimadi, nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili cha kuokoteza sokoni Uganda. Lilly naye alikuwa na shamba, moja tu, hatua thelathini kwa kumi na tano, kando ya mto, mwendo mfupi kutoka soko la Konyo Konyo. Alipanda bamia, sukuma wiki na mlenda, ambao watu wa Juba wanauita kudra. Aliamka, akavuna, akafunga mafungu, akauza, akarudi na chakula. Hakuwa na rula.

Mashamba yale ya mtoni hayana hati, na kila mwanamke anayelima pale anajua sharti lake kama anavyojua jina la mwanawe. Sultani Sebit, chifu wa eneo lile, anakupa kipande kwa mdomo. Ukilima, ni chako. Ukiacha msimu wa kupanda upite jembe halijagusa udongo, kinarudi mkononi mwake na anampa mwingine anayeomba. Ndiyo maana mwanamke akijifungua Jumatatu, Jumatano utamwona dada yake shambani anakwanguakwangua majani ili aonekane. Lilly alipewa chake miaka minane nyuma, akiwa na mimba ya binti yao, Pearl. Katika mji ule wote kilikuwa kitu pekee ambacho watu walikiita cha Lilly.

Lagu hakulijua sharti hilo. Safari zake za shambani ziliishia kwenye sahani.

Sifa zake zilianzia kwa Edrine, Mganda aliyekaanga chapati kibanda cha jirani. Siku moja alikuja kuchaji simu, akakuta kaunta buku iko wazi.

"Ssebo, hii ni wewe nachora?" aliuliza. "Hii ni kazi ya injinia kabisa. Shamba hii iko wapi?"

"Iko mbali," alisema Lagu, na hilo halikuwa uongo.

Edrine alikuwa mtu wa chuku. Kufika Jumapili mtaa mzima ulijua kwamba Lagu anawapangia mashamba Wazungu fulani. Nani angebisha? Yeye ndiye aliyekuwa akichapa makaratasi ya semina za mashirika, yale yenye picha ya mwanamke anacheka huku ameshika mahindi, na watu waliamini kuwa anayechapa jambo analijua. Kanisani wakampa dakika kumi azungumzie chakula. Alichukua arobaini. Alifundisha mzunguko wa mazao, samadi, na jinsi ya kuweka akiba kabla theluji haijaanguka. Waumini, waliokuwa wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo na jasho likiwatiririka shingoni, walipiga makofi. Lilly alikuwa benchi la nyuma, akipiga makofi na wengine, na alijisikia fahari. Hilo lisisahaulike tunapomhukumu mwanamke huyu.

Mwaka huo wadudu waliingia kwenye kudra yake. Majani yakatoboka, bamia ikadumaa. Jioni moja aliweka beseni lake mlangoni mwa kibanda na kukaa juu ya kigoda cha wateja.

"Baba Pearl," alisema, "shamba yangu imechoka. Wewe nafundisha watu kanisani. Mimi unaniambia nini?"

Katika ndoa ya miaka kumi na mbili, Lilly hakuwa amewahi kumuuliza mumewe neno lolote kuhusu udongo. Lagu alivuta kaunta buku karibu. Ingekuwa si mteja aliyeingia kutaka picha nne za pasipoti, huenda angelia.

Kesho yake alifunga kibanda, akashuka mtoni na rula. Alipima, akabonyeza udongo kwa kidole, akaunusa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mpango ulikuwa tayari mchana huo. Kipande ni kidogo mno kukigawa mara nne. Kwa hiyo kipumzike chote, kuanzia mwezi wa nne mpaka mwisho wa mwezi wa saba.

Lilly alitua beseni lake. "Shamba ya hapa haipumziki," alisema. "Ikikaa tupu, watu itaona."

"Watu ikiona itasoma kwetu."

"Sultani iko na sheria yake, Baba Pearl. Msimu moja ukiacha jembe, kalas, shamba imeenda."

"Hiyo ni ya mtu ameacha. Sisi hatuachi. Sisi tunapumzisha, na tutaandika."

Na aliandika. Alichapa tangazo kwa herufi kubwa, SHAMBA LINAPUMZIKA, USIGUSE, chini yake tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, akalipitisha kwenye plastiki lisilowe, akalipigilia kwenye mti uliochomekwa katikati ya shamba. Fotokopi akaibandika kwenye kaunta buku. Tangu mji wa Juba uwe mji, huenda hakuna mtu mwingine aliyetangaza kwa maandishi, kwa gharama zake mwenyewe, kwamba ardhi yake haina mtu.

Kwa nini Lilly alikubali? Alikuwa amechoka, mgongo ulimuuma, na wadudu walishamvunja moyo. Tena alimwona mumewe ana furaha, akimweleza habari za mbolea mkono ukiwa begani mwake, na mkono ule ulikuwa na miaka mingi haujakaa pale. Alijiambia kwamba kila Jumamosi atapitia kukwanguakwangua pembeni. Lakini sasa ilimbidi anunue mboga za wengine Konyo Konyo alfajiri na kuziuza mpaka jioni, na Jumamosi zikampita. Alienda mara mbili tu, akang'oa majani kwa mkono.

Wiki ya kumi shamba lilikuwa kweli na nguvu. Majani yalifika kiunoni. Ndipo ziliposhushwa nguzo za chuma, mabati na mlinzi mwenye kiti chake cha plastiki. Mwenye mabati alikuwa mkubwa fulani ambaye hakuna aliyemwona. Lilionekana gari lake lenye vioo vyeusi, na hilo likatosha.

Lilly alipiga magoti hadharani mbele ya sultani, na Sebit akaita kesi.

Hapa ndipo majirani walipoonyesha kwamba Juba kuna watu. Babirye, Mganda aliyelima sukuma wiki kipande cha pili, alikwenda asubuhi na mapema, akamwongelesha mlinzi mpaka akacheka, na alipoondoka, tangazo la Lagu lilikuwa ndani ya gomesi lake, lile vazi pana la Kiganda. Wakalichomea chini ya sufuria ya chai. Plastiki ilinuka mtaa mzima. Santina, anayelima upande wa juu, alichomeka miche sita ya bamia kwenye kona ambayo mabati hayajafika. Edrine alikubali kusema atakaloambiwa. Hakuna aliyemwambia Lagu chochote. Wanawake walikubaliana kwamba kazi yake siku hiyo ni kuvaa shati safi.

Kesi ilisikilizwa chini ya rakuba ya sultani, kile kivuli chake cha mianzi na majani. Sebit alikuwa mzee mnene wa taratibu, mwenye fimbo fupi. Aliijua shida ya Lilly na alijua vilevile uzito wa lile gari, na alichohitaji kilikuwa kitu kimoja cha kushika mkononi. Mkubwa hakuja. Alituma mjumbe mwenye miwani myeusi, mpole, mwenye adabu zote.

"Mzee," alisema mjumbe, "sisi tumekuta iko tupu. Hakuna mtu nalima pale."

"Nani ameona huyu mama nalima?" aliuliza Sebit.

Babirye alisimama. Alisema amemwona Lilly wiki iliyopita akipanda bamia, tena akamsaidia kuchota maji. Santina alisema bamia hiyo iko, sultani atume mtu akaione. Edrine alisema yeye bamia ya Mama Pearl anakula kila siku, na tumbo lake ni shahidi. Watu wakacheka. Sebit naye alitabasamu. Wote walijua ni uongo, uongo wa ujirani, ule unaotolewa kama mtu anavyotoa kiti mgeni akaribie. Sebit aliinua fimbo yake kuamua.

Lagu akanyoosha mkono.

Tumtendee haki, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekaa pale akisikia watu watatu wakila yamini kwamba mpango wake haukuwahi kuwepo. Kwao, shamba lililimwa ovyo kama zamani, hakuna mzunguko, hakuna mapumziko, hakuna Lagu. Alidhani mkewe anatetewa vibaya na watu wasiosoma, na kwamba ukweli ukielezwa kitaalamu hakuna mwenye akili atakayeupinga. Babirye alimvuta shati. Lagu akaubandua mkono ule.

"Mzee Sultani," alianza, "hawa watu nasaidia, lakini hawaelewi. Shamba haikuachwa. Ilikuwa kwa mpango."

Akafungua kaunta buku. Alieleza robo saa nzima. Alionyesha rangi nyekundu, rangi ya bluu, akageuza kurasa. Sebit alisogeza kichwa.

"Hii ngano iko wapi?"

"Hiyo ni shamba ingine, mzee. Kwa gemu."

"Na hii nguruwe?"

"Pia kwa gemu."

Mjumbe alivua miwani. Alikuwa na macho mazuri, yenye usingizi kidogo. "Ndugu yangu," aliuliza kwa upole, "sasa pale mtoni, jembe iligusa mwisho lini?"

Lagu alifurahi kuulizwa swali la maana. "Tarehe tano mwezi wa nne, saa nne asubuhi," alisoma.

"Baada ya hapo?"

"Hata siku moja. Angalia, hii laini nyekundu yote ni kupumzika. Tangazo pia iko, hii hapa kopi yake."

Mjumbe aliuliza kama anaweza kupata fotokopi ya ukurasa ule. Lagu alimwelekeza kibandani kwake.

Lagu aligeuka akamwona Babirye ameshika kichwa, Santina anaangalia juu ya rakuba, Edrine anaangalia viatu. Lilly alikuwa anamwangalia yeye. Macho yake hayakuwa na hasira, na Lagu angeomba Mungu yawe nayo. Hapo hapo akaelewa. Kesi nzima ilikuwa na karatasi moja tu, yenye tarehe na saa, na mume wa mdai ndiye aliyekuja nayo akaikabidhi upande wa pili.

Sebit alishusha fimbo polepole. "Binti yangu," alimwambia Lilly, "mimi nilikuwa natafuta njia ya kukuachia. Sasa watu wote wamesikia. Nitafanya nini?"

Shamba likaenda.

Nyumbani Lilly alipika, akampakulia Pearl, akampakulia na mumewe, kisha akakaa. Lagu alisubiri matusi. Alikuwa tayari hata kupigwa na mwiko.

"Mimi nilijua haitafaa," alisema Lilly mwishoni. "Nilikubali juu ya vile ulishuka kuangalia shamba yangu, na hujawahi kushuka. Nilifurahi. Hiyo ndiyo nauma mimi, Baba Pearl. Si shamba tu."

Aibu ilimshika Lagu, aibu halisi ya mtu anayempenda mkewe na ambaye ametambua, mbele ya sahani ya ugali, kwamba amezijua njaa za watu kumi na wanane wasiokuwepo kuliko mgongo wa mwanamke anayelala naye kitanda kimoja. Hakula. Siku ile hakuna aliyeuliza nauli ya Adjumani.

Siku ya tatu Sebit alimwita Lilly peke yake, bila watu. Kilikuwepo kipande cha mwisho, chini kabisa kwenye matete, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu viboko hupita hapo. Kama ataanza leo, ni chake. Akasisitiza leo.

Lilly alichukua jembe na panga akaenda moja kwa moja. Lagu alifunga kibanda na kumfuata kwa mbali kidogo, kwa kuwa hakualikwa. Alikata matete naye. Kufika saa sita viganja vyake vilikuwa na malengelenge na alikuwa amefungua nafasi ya kutandika mikeka miwili, wakati mkewe amefungua mara nne yake. Udongo ulikuwa mweusi, umebana, umejaa mizizi. Aliona mambo mengi ya kusema kuhusu udongo ule. Akayameza.

Lilly alijinyoosha, akafuta uso kwa kanga. Mbegu hawakuwa nazo, na ilibidi mtu aende Konyo Konyo kuzifuata kabla jua halijashuka. Aliangalia barabara. Tangu asubuhi boda boda moja ilikuwa imepita mara mbili polepole, abiria wake akiangalia huku na huku.

"Nifanye nini?" aliuliza Lagu.

Lilly alimwangalia kama anayepima iwapo gunia lina tundu. Kisha akamkabidhi jembe.

"Simama hapa katikati," alisema. "Mtu akiuliza, sema shamba ni ya bibi yangu, ameenda kuleta mbegu, anarudi sasa hivi. Halafu funga mdomo."

Akaondoka. Lagu alisimama. Jua lilimchoma utosini, mbu wa matete wakamla miguu. Haukupita muda boda boda ikarudi, na safari hii ikasimama. Abiria alishuka, kijana nadhifu mwenye faili mkononi.

"Mzee, salaam," alisema. "Hii pahali ni ya nani? Naona hakuna kitu bado. Mnalima, ama mmeacha kwanza?"

Lagu alifungua mdomo. Kulikuwa na maelezo. Kulikuwa na tofauti kubwa sana kati ya ardhi iliyoachwa na ardhi inayoandaliwa, na yule kijana alionekana ni mtu wa kusoma, mtu ambaye angeelewa.

"Ni ya bibi yangu," alisema Lagu. "Ameenda kuleta mbegu. Anarudi sasa hivi."

Kijana alisubiri, faili liko wazi, kalamu tayari. Lagu aliinamisha mgongo, akainua jembe kwa viganja vilivyochubuka, akalima.